Kumwachia Mungu Jicho la Mtoto

Mboni za macho ya mtoto mchanga zikionekana hazilingani, moja pana na nyingine ndogo, mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Karibu mtu mmoja katika kila watano ana tofauti ya namna hiyo, isiyofika milimita 1, na wengi huzeeka nayo bila kuambiwa na mtu. Mara chache, hata hivyo, alama hiyohiyo hutokana na damu inayovuja ndani ya fuvu, au na uvimbe uliojificha kifuani ukibana mshipa wa fahamu uendao jichoni. Jicho lenyewe halisemi ni lipi kati ya hayo, na mtoto naye hajui kusema. Anayebaki ni mzazi, na mzazi wa Butiama, mkoani Mara, sawa na wa Bunda au wa Musoma mjini, ana jibu lililo karibu naye kuliko zahanati: namwachia Mungu. Jibu hilo silidharau. Naliona zito, zito kiasi cha kutostahili kutolewa mapema hivyo. Mtu mzima ana uhuru mpana wa kuuweka mwili wake mikononi mwa Mungu kwa namna aionayo yeye, lakini uhuru huo haufiki kwenye mwili wa mtu mwingine, sembuse wa asiyeweza kusema. Kwa mtoto, kumtumainia Mungu hakuna budi kutanguliwe na kuuliza, na anayeruka hatua hiyo amefanya jambo jingine ambalo dini haikumtuma.

Kwanza tuelewe kinachoulizwa. Mboni ni tundu tu. Mwanga ukizidi hujibana, giza likiingia hupanuka, na kila kazi ina mshipa wake wa fahamu. Mshipa unaobana hupita chini ya ubongo, mahali ambapo damu au uvimbe ndani ya fuvu huukandamiza. Hapo mboni ya upande huo hubaki pana hata ukiimulika. Mshipa unaopanua una safari ya ajabu: hushuka kutoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo, hutokea kifuani karibu na ncha ya juu ya pafu, kisha hupanda tena shingoni mpaka jichoni. Ukiguswa popote katika njia hiyo, mboni hubaki ndogo na kope la juu hulegea kidogo. Kwa mtoto unaweza kuumia siku ya kuzaliwa kwake, bega likikwama na shingo ikavutwa, au unaweza kubanwa na aina fulani ya saratani ya utotoni inayoota kwenye mishipa ya fahamu ya kifuani au shingoni. Ndiyo maana muuguzi anayeijua kazi yake humtazama mtoto mara mbili, penye mwanga na penye giza kidogo. Tofauti ikizidi penye mwanga, mboni kubwa ndiyo yenye kasoro, kwa kuwa imeshindwa kujibana. Ikizidi gizani, kasoro iko kwenye ndogo iliyoshindwa kupanuka. Ikibaki ileile kote kuwili na zote mbili zikaitikia tochi, kwa kawaida ni maumbile. Zipo pia sababu za njiani: dawa ya kifua inayovutwa kwa barakoa ikivujia jicho moja, au utomvu wa mmea kama mnanaha, ambao una kemikali ileile madaktari wa macho wanayoitumia kupanua mboni kwa makusudi. Na kwetu kuna ugumu ambao vitabu vya tiba vya Ulaya haviutaji sana. Macho yetu ni ya kahawia iliyokolea, na mboni nyeusi ndani ya duara lililokaribia weusi haionekani kirahisi kwa mwanga wa koroboi. Mama wa Kiabakari anaweza kumlea mwanawe miezi kadhaa bila kuona jambo ambalo mama wa mtoto mwenye macho ya buluu angeliona wiki ya kwanza, na hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Lawama, kama ipo, inaanza pale alipokwisha kuona.

Juu ya mtu aliyekwisha kuona na kutia shaka, mwanahisabati wa Kiingereza W. K. Clifford alichapisha insha mwaka 1877 ambayo mpaka leo inawakera watu wa dini. Mfano wake wa kwanza ni mwenye meli. Meli ni kuukuu, imekarabatiwa mara nyingi, na mwenyewe ana wasiwasi kama itawavusha bahari wahamiaji aliowauzia nafasi. Kuikagua ni gharama. Basi anaanza kujituliza: imekwenda na kurudi mara ngapi hii, na tena Mungu hawezi kuziacha familia hizi maskini zinazokwenda kutafuta maisha. Wasiwasi unamtoka, anaiaga kwa moyo mweupe, meli inazama. Clifford anamtia hatiani kwa vifo vile. Wanaokumbuka jinsi MV Bukoba ilivyozama na mamia ya watu ikikaribia Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imepakia kupita kiasi, hawahitaji msaada kuuelewa mfano huo. Lakini penye ukali zaidi ni panapofuata. Hata meli ingefika salama, anasema, hatia ya mtu yule isingepungua, maana kinachohukumiwa ni kama alikuwa na haki ya kuamini alichoamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Matokeo mazuri hayampi haki hiyo baadaye. Kwa mzazi maana yake ni ngumu kumeza: mtoto ambaye mboni zake zilitofautiana ghafla baada ya kuanguka kitandani, akalazwa tu na kuombewa, akaamka mzima, bado alikuwa ametendewa vibaya usiku ule.

Wapo watakaosema Clifford hakuwa mtu wa imani, na ni kweli alikuwa ameiacha. Lakini tazama vizuri mwenye meli alilifanya nini jina la Mungu. Hakuomba ili apate nguvu ya kukagua. Alimtaja Mungu ili asikague. Maombi yalifika pale ambapo kazi ya fundi ilitakiwa, yakaichukua nafasi yake, na faida ikawa ya mwenye meli peke yake huku hatari yote ikibebwa na abiria. Hapo ndipo mzazi anapofanana naye zaidi ya anavyopenda kukiri. Mtu anayesema namwachia Mungu juu ya saratani yake mwenyewe anahatarisha kilicho chake. Tunaweza kumsihi, tunaweza kulia, lakini kuna heshima katika uamuzi wake. Anayesema hivyo juu ya jicho la mtoto wa miezi minne ameokoa nauli yake, foleni yake na hofu yake ya kusikia jibu baya, na bili ameipeleka kwa mtu asiyeshiriki mazungumzo hayo. Mmarekani William James alimjibu Clifford mwaka 1896 kwamba yako maamuzi yasiyongoja ushahidi ukamilike, na anayesubiri naye tayari amechagua. Wengi humtumia James kuitetea imani. Kwa mtoto mchanga naona anamkaza mzazi kuliko Clifford mwenyewe alivyomkaza, kwa sababu anamnyang'anya kisingizio cha kwamba kungoja si kutenda.

Tena mapokeo ya dini zenyewe hayako upande wa mwenye meli. Waislamu wanaisimulia habari ya bedui aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Wakatoliki, ambao ni wengi katika Jimbo la Musoma, wanacho katika Biblia yao kitabu cha Yoshua bin Sira, na sura yake ya 38 inamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Mpangilio huo una maana: sala haimfukuzi tabibu mlangoni. Wamenoni walipofika Shirati mwaka 1934 walileta Injili, na jina la Shirati leo watu wa Mara wanalijua kwa hospitali kama wanavyolijua kwa kanisa. Bugando, iliyo juu ya kilima Mwanza na inayopokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa nzima, ni ya maaskofu Katoliki. Kama kumpeleka mtoto hospitali kungekuwa ni kumwonyesha Mungu kwamba huna imani naye, basi makanisa yangekuwa yamejenga majumba makubwa ya ukafiri kwa sadaka za waumini.

Na Butiama ina mfano wake mwenyewe, uliolala kaburini Mwitongo. Julius Nyerere alikuwa mtu wa Misa ya kila siku, na Jimbo la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, akaitwa Mtumishi wa Mungu. Mtu huyo alipougua saratani ya damu alitibiwa London, na huko, katika Hospitali ya St Thomas', akafariki tarehe 14 Oktoba 1999. Sijapata kusikia padri akisema kwamba safari ile ilipunguza utakatifu wake. Aliuliza kwa madaktari mpaka mwisho wa alichoweza kuuliza, kisha akafa kama waumini wanavyokufa. Najua mfano huu una mwiba. Yeye alikuwa na London. Mwanamke wa Buhemba ana zahanati, na siku nyingine zahanati haina mtu. Mwiba huo nitaurudia, kwa kuwa ndio pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Kwa sasa nachukua kutoka kwa Nyerere jambo moja tu: imani yake haikuona aibu kuuliza.

Lakini jicho lina historia yake katika kanda yetu, na historia hiyo inaeleza kwa nini watu hawaulizi. Usukumani, kwa jirani zetu wa kusini, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi, na miongoni mwa ushahidi uliotolewa dhidi yao ni wekundu wa macho. Wekundu ule ulikuwa wa moshi. Ni miaka ya kupika kwa kuni na samadi ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Alama iliyotakiwa kumpeleka bibi kwa mganga wa macho ilimpeleka kaburini, kwa sababu walioiona walidhani tayari wanajua imeandikwa na nani. Mtoto mwenye mboni zisizolingana hauawi, tunashukuru, ila anasomwa kwa njia hiyohiyo: mama alikula nini akiwa mjamzito, alimcheka nani mwenye chongo, ukoo wa baba una deni gani kwa wahenga. Wanafunzi wa Yesu walimsoma hivyohivyo kipofu wa kuzaliwa katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana. Walitaka kujua aliyekosa ni yeye au wazazi wake, na Mwalimu wao akakataa yote mawili kabla hajamponya. Hapo mhubiri wa kijijini angeweza kukaa mwezi mzima. Anayeuliza nani amekosa anadhani ameuliza, kumbe amefunga mjadala, kwa kuwa kila jibu litakalopatikana litamrudisha kwa mama. Swali linaloweza kumsaidia mtoto ni jingine: imeanza lini, na inabadilika penye mwanga?

Hapa naomba tusiwaonee watu wa vijijini kwa kuwadhania kwamba wanakaa tu. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, na taifa zima likaondoka nyumbani. Watu wa Kanda ya Ziwa walisafiri siku nyingi kwa barabara mbovu, wakalala kwenye foleni ndefu ya magari. Wapo waliotolewa wodini wakapelekwa huko, na wapo waliofia njiani. Haikuwa picha ya watu wanaongoja mapenzi ya Mungu wakiwa wamekunja mikono. Waliuliza, tena kwa gharama kubwa kuliko ya kufika Bugando. Waliuliza kwa mtu aliyesema lugha ya maana: ndoto, wito, kikombe, Mungu. Kwa hiyo mgogoro wetu si kati ya imani inayolala na sayansi inayokimbia. Ni juu ya nani aulizwe kwanza, na uzito wa neno hilo la kwanza unategemea saa iliyobaki. Degedege imetufundisha hili kwa uchungu. Wazazi wengi nchini wameiona kuwa ni kazi ya shetani, wengine wakiogopa hata sindano kwamba itamuua mtoto, wakaanzia kwa mganga wa kienyeji na kufika hospitali malaria ikiwa imekwisha kupanda kichwani. Kwa mganga walipata maelezo, na maelezo si kitu kidogo kwa mtu aliyeogopa. Ila muda walioutumia kuyapata ulikuwa wa mtoto.

Sasa pingamizi la kwanza la kweli. Kama mmoja kati ya watano ana tofauti hii na wengi wao ni wazima, je, sijawapandikizia mama wote wa Mara hofu ya bure? Kukagua mboni za mtoto kila jioni kwa tochi ya simu ni ugonjwa wa aina yake, na hofu nayo inaweza kuwa kukosa imani kwa jina jingine. Pingamizi hili lingeniangusha kama kuuliza kungekuwa na kipimo kimoja. Sivyo. Tofauti ndogo iliyokuwapo tangu mtoto azaliwe, ambayo haiongezeki, na mtoto ananyonya, anakufuata kwa macho, kope zake ziko sawa, inaweza kungoja siku ya chanjo. Na siku hizo ziko karibu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9. Hapo mzazi ataje tu, asingoje kuulizwa. Picha za zamani kwenye simu zina msaada kuliko kumbukumbu, maana zinaonyesha kama tofauti ilikuwapo mwezi uliopita. Kope lililolegea upande wa mboni ndogo ni jambo la wiki hii, wala lisisubiri chanjo, hata kama mtoto anacheza. Mboni inayong'aa nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, ni jambo la siku hizi mbili tatu, kwa kuwa huenda ni saratani ya ndani ya jicho, na hiyo ikikamatwa mapema inatibika vizuri kuliko saratani nyingi. Na liko jambo la sasa hivi, usiku au mchana: tofauti iliyotokea ghafla, au baada ya mtoto kuanguka au kugongwa kichwa, au inayofuatana na kutapika tena na tena, kulegea, usingizi usioamshika, degedege, utosi uliovimba, homa na shingo ngumu, jicho lililogeuka upande, au jicho jekundu lenye maumivu na ukungu. Hapo mama akifunga safari huku anasali hajagawanyika moyo. Kinachoonekana kama hofu katika orodha hii ni kinyume chake. Anayejua lipi lingoje na lipi lisingoje analala usiku mwingi zaidi kuliko anayeogopa kila kitu au anayejizuia asiogope chochote.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya imani yenyewe, na lina uzuri wake. Mungu hakosei kuumba. Mtoto aliyezaliwa na macho mawili yasiyofanana ni kazi yake kama wengine, na kukimbilia kumrekebisha ni kumkosoa Muumba. Nakubaliana na nusu yake ya kwanza kuliko wanavyodhani wanaonipinga. Mtoto mwenye tofauti ya maumbile hahitaji kurekebishwa, wala shuleni asiitwe jina la jicho lake. Lakini hatuwezi kupokea alichoumba Mungu bila kujua kama ndicho tunachokiangalia. Damu iliyovuja baada ya kuanguka haikuumbwa pamoja na mtoto, imetokea jana. Mzazi anayesema Mungu kamuumba hivi, bila kujua kama alizaliwa hivi, anamsingizia Mungu kazi ya ajali. Pingamizi hili hurudi kwa sura nzito zaidi pale daktari anaposema jicho lenye saratani litolewe ili mtoto aishi. Wapo wazazi wanaoondoka wodini siku hiyo na hawarudi. Walipewa mtoto mzima, wanasema, nao watamrudisha mzima. Siwezi kuwacheka, kuamua mwanao apoteze jicho ni jambo ambalo asiyewahi kuwa mbele yake ayaseme maneno yake polepole. Lakini mtoto huyo hakupewa kwao kama mali inayorudishwa ilivyopokelewa. Alikabidhiwa, na aliyekabidhiwa hulinda uhai kabla ya umbo. Tena katika dini zote mbili kubwa za Mara sijui mafundisho yanayosema Mungu atashindwa kumfufua mtu kwa sababu ya jicho lililobaki hospitali.

Narudi kwenye mwiba. Clifford alimhukumu mwenye meli, mtu mwenye mali na mafundi. Kutoka Butiama hadi Musoma ni kama kilomita 40, na kuna vijiji vya kufika kwa bodaboda kabla hata hujafika kwenye lami. Kutoka Musoma hadi Bugando ni zaidi ya kilomita 200. Kwa sera, mtoto wa chini ya miaka 5 hatakiwi kulipia matibabu katika kituo cha umma, lakini sera haimlipi dereva wa bodaboda wala hainunui chakula cha walioachwa nyumbani, na mzazi hupewa cheti cha dawa akanunue nje. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka matibabu kati ya mambo ambayo mzazi anawajibika kumpa mtoto. Ni sheria nzuri, na ina urahisi wa kila sheria inayomtaja maskini peke yake. Je, mama asiye na shilingi 10,000 saa nne usiku anaposema namwachia Mungu, naye ni mwenye meli? Hapana. Yeye amefika mwisho wa alichonacho, na neno lake lina haki ambayo la mwenye meli halikuwa nayo. Kosa la watu wa mjini ni kuyasikia maneno hayo mawili kama neno moja na kuyapa jina la ujinga. Hata hivyo hatia haijayeyuka, imehamia kwa wengine. Kama wajibu wa kuuliza uko juu ya anayejua na anayeweza, basi uko juu ya jirani mwenye pikipiki, juu ya halmashauri inayoacha zahanati bila mhudumu wikiendi, na kwa namna ya pekee juu ya parokia na msikiti, ambao kila wiki wamewakusanya watu wote chini ya paa moja na wana sanduku la sadaka.

Na uko juu ya muuguzi. Mzazi aliyeuliza kwa dhati, akatembea, akangoja, kisha akaambiwa bila mtoto kumulikwa kwamba mama wa siku hizi mna wasiwasi sana, ametendewa kosa lilelile la mwenye meli, safari hii na mtu wa sayansi. Alimwamini mtu aliyeamini bila kukagua. Atakaporudi nyumbani, bibi aliyesema tangu mwanzo kwamba hospitali hawajui haya mambo atakuwa ameshinda, na kwa haki. Tochi inapatikana duka lolote la Bunda mjini, na kazi yenyewe haimalizi dakika mbili.

Linabaki pingamizi la mwisho, kwamba hospitali nazo zinashindwa. Zinashindwa kweli. Mtoto anaweza kufikishwa mapema, akapimwa, akapelekwa mpaka Hospitali ya Taifa Muhimbili, na bado akafa. Atakayesema hapo kwamba yote ni bure amekosea hesabu, lakini aliye ndani ya msiba hahitaji hesabu. Hapo ndipo ninapoona imani ina kazi ambayo hakuna mtu mwingine anayeiweza, na ni imani ileile niliyoikataza isitangulie. Mzazi aliyeuliza akakosa anaweza kumwachia Mungu mtoto wake bila sauti ya pembeni inayomwuliza ingekuwaje kama ningekwenda Jumanne. Aliyeacha kuuliza hapati utulivu huo hata mtoto akipona, ila akijifunza kutokumbuka. Kwa hiyo wanaohubiri utegemezi kwa Mungu bila kutaja zahanati wanaunyang'anya utegemezi huo mahali pake halisi, nyuma ya kila juhudi, wakauweka mbele yake ambapo hauwezi kuubeba uzito wanaoutwika.

Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki hukutana nyumba kwa nyumba kila wiki, na mama wa watoto wachanga huwa wamo. Misikiti ina matangazo baada ya sala ya Ijumaa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipewa dakika 10 katika vikao hivyo, akaonyesha jinsi ya kumulika jicho kutoka pembeni, akazitaja dalili za usiku uleule, na katekista au shehe akasema mbele yake kwamba kwenda si dhambi, kazi kubwa itakuwa imefanyika kwa gharama ya betri. Yule atakayeambiwa na daktari kwamba tofauti ya mwanawe ni ya maumbile aombe iandikwe kwenye kadi ya kliniki, pamoja na tarehe na jicho lipi ndilo lenye mboni kubwa. Mtoto huyo siku moja ataanguka kama watoto wengine, na mhudumu atakayempokea Kiabakari au Bunda atahitaji kujua kama anachokiona kilikuwapo tangu zamani au kimeanza leo.